Mwanga Niliompimia Mbwa

Same, Alhamisi alasiri

Nakijwa mwanangu,

Marahaba. Najua hujaniamkia bado katika karatasi hii, lakini mimi ni mtu wa kutangulia. Hata Burma nilitangulia. Wenzangu wa jeshi la Keya walipofika walinikuta nimeshajua kuagiza chai kwa lugha ya wenyeji. Wewe umekwenda kuwaaga wenzako wa kwaya. Mimi nimefunga studio mapema, nimekaa na kalamu yako, ile isiyovuja, na nitakurudishia kabla treni haijafika kesho.

Sitakuambia Tanga ule nini wala ufunge mlango saa ngapi. Shangazi yako ameshakuambia mara tatu, na mara ya nne atakupigia kelele pale stesheni treni ikiwa inaondoka. Kazi nayo unaijua. Yule mwenye studio wa huko anakuchukua kwa sababu mabibi wa Tanga hawapendi kufunua nyuso zao mbele ya fundi mwanamume, na kutoka Moshi hadi baharini hakuna binti mwingine anayeweza kusafisha picha gizani kwa kuhesabu kichwani bila saa. Aliyekufundisha ni mimi, niliyeishia darasa la tatu. Wakikuuliza, waambie hivyo hivyo.

Ninalotaka kukuandikia ni jingine. Jumapili ulipotoka kanisani uliniomba picha ya mama yako. Ulisema, "Baba, uso wake umeanza kunitoka. Nikifumba macho namwona mgongo tu, anapalilia." Nami nikakujibu kama ninavyomjibu kila mtu miaka yote hii: "Mama yako? Chui alikuwa hamwogopi, lakini kamera ilimtoa mbio!" Ukacheka kidogo, kwa heshima, ukachukua ndoo ukaenda bombani.

Ni uongo, mwanangu. Mama yako hakuogopa kamera hata siku moja. Picha yake ilikuwepo, tena nzuri, nikaichoma moto kwa mkono huu. Nakueleza ilivyokuwa, na safari hii huwezi kunikatiza.

Ulikuwa na miaka mitano. Studio ilikuwa chumba kile kile cha nyuma ya fundi cherehani, na msaidizi wangu alikuwa mama yako. Watu wanadhani nilianza peke yangu kwa akili yangu, kwa sababu ndivyo ninavyosema. Ukweli ni kwamba yeye ndiye aliyekuwa akibeba mfuko, akishika shuka jeupe pembeni, akiwanyamazisha watoto, akiwaambia wazee wa Ugweno kwa Kigweno chao kwamba kamera hainyonyi damu. Mimi nilibonyeza tu. Kubonyeza kuna jina kubwa kuliko kubeba.

Siku hizo hapa Same hakuna mwingine aliyekuwa na fleshi. Ile sahani yangu ya bati inayong'aa ya kurudisha mwanga, na globu moja kwa picha moja, ikiwaka paa! imekufa, unaitoa inaunguza vidole. Globu zilitoka Moshi, siku zinakuja, siku zinakosekana. Juu ya boksi lake palikuwa na namba. Unaichukua namba ile, unaigawanya kwa futi zilizopo kati ya taa na unayempiga, jibu ndilo tundu la lenzi; namba ikipungua, tundu linapanuka. Namba mia na kumi, futi kumi, tundu kumi na moja. Niliipenda hesabu ile kuliko sala. Mtu wa darasa la tatu anagawanya, na nuru inatii!

Mpaka karani wa stesheni akaniita nyumbani kwake nimpige picha paka wake, paka mweusi tititi, amekaa juu ya kiti. Nikapima futi, nikagawanya, nikapiga. Kiti kilitoka vizuri sana. Mpaka leo naweza kukuambia misumari yake ilikuwa mingapi. Paka hakuwepo. Palikuwa na macho mawili yanawaka kama ya shetani, basi. Karani akaitazama ile picha, akaniambia taratibu, "Fundi, mimi nilikupa paka. Umenirudishia macho."

Nikarudi nyumbani nimenuna. Mama yako akalichukua lile boksi, akaligeuzageuza, akauliza, "Aliyeandika namba hii alikuwa anampiga nani?"

"Anampiga nani vipi?"

"Nauliza. Alikuwa na paka mweusi mbele yake? Au alikuwa na Mzungu, amekaa kwenye nyumba nyeupe? Na sisi je, baba Nakijwa? Sisi tuko kwenye namba hii?"

Mwanangu, swali lile ndilo lililotulisha. Boksi lilikuwa halijui nani amekaa kwenye kiti. Kitu cheusi kinakula mwanga, cheupe kinautema. Ukuta wa mbao nyeusi unakula, ukuta wa chokaa unarudisha. Tangu siku ile kila mtu wetu aliyekaa mbele yangu nilimfungulia tundu hatua moja zaidi ya boksi, na kama chumba ni cheusi, hatua na nusu. Ndipo watu wa Same wakaanza kusema kwa fundi huyu unatoka na pua yako mwenyewe na mikunjo yako, siyo kivuli chenye meno. Sifa nilizichukua zote. Hata kipande sikumkatia mama yako.

Basi Memsabu, mke wa Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya wa wakati ule, akasikia. Alikuwa na mbwa anaitwa Tobi, mweupe, manyoya yamejikunja kama kondoo aliyeogeshwa. Mbwa yule alikuwa ameshapigwa picha Moshi na hata Nairobi, na kote alitoka donge la unga lenye pua. Memsabu akaja mwenyewe mpaka mlangoni kwangu na picha zile.

"Fundi, wewe naweza? Mimi nataka ona nywele yake. Nywele moja moja."

"Memsabu, mimi nitakuonyesha hata viroboto."

"Hapana kiroboto!"

"Hapana kiroboto, Memsabu. Nywele tu."

Fundi cherehani alicheka mpaka akajichoma sindano. Habari ikaenda sokoni, ikarudi imenenepa: mimi nimeitwa na Gavana. Sikuikana.

Siku ya kwenda, mama yako akatoka chumbani amevaa lile gauni lake la bluu iliyoiva, alilokuja nalo kutoka Ugweno wakati wa arusi. Amejipaka mafuta uso unang'aa, amefunga kilemba kipya. Nikamwuliza, "Unakwenda kubeba mfuko au kufunga ndoa?" Akasema, "Huwezi kujua. Labda na mimi nitatoka." Maana katika miaka yote ya kuwa mke wa mpiga picha alikuwa hajapigwa hata moja. Kinyozi hajinyoi, ndivyo nilivyokuwa nikimtania. Globu ni za wateja, mama Nakijwa, subiri kidogo. Alisubiri.

Nyumba ile ilikuwa na sebule ya mbao tupu, nyeusi, hata mchana unatafuta mlango kwa kupapasa. Tobi alinibwekea, akauma mguu wa kamera, akaingia chini ya kabati. Memsabu akamwita kwa Kiingereza, mpishi akamwita kwa nyama, wapi! Mama yako akachuchumaa tu, akanyamaza. Mbwa akatoka mwenyewe, akaja akamwekea kidevu kwenye goti. Memsabu akapiga makofi. "Mama shika yeye! Kaa hapa, kaa." Akamkalisha kwenye kiti kikubwa cha Bwana Shauri mwenyewe, mbwa mapajani.

"Niangalie wapi?" mama yako akaniuliza.

"Popote. Utatoka kama malkia, na mwana wa mfalme mapajani."

"Mwana wa mfalme ananuka mdomo," akasema kwa sauti ya chini, akacheka, na mimi nikabonyeza.

Nilikuwa na globu mbili tu. Ile ya kwanza ilipowaka ndipo nilipojua nimefanya nini. Tundu lilikuwa namba nane. Futi kumi, ukuta mweusi, uso wa mama yako; mkono wangu ulishazoea kumfungulia mtu, ukafungua wenyewe, sikumfikiria mbwa hata kidogo. Mbwa mweupe kwenye tundu nane! Nikaona unga. Nikaona Memsabu ananyanyua picha yangu anaiweka juu ya zile za Nairobi. Jasho likanitoka mpaka viatuni. Nikaitoa globu ikiwa bado ya moto, nikaweka ya pili, nikaliziba tundu mpaka ishirini na mbili, mwisho kabisa. Tobi sasa alikuwa ameshajua mlio, anatetemeka. Mama yako alimkumbatia, akamziba macho kwa kiganja, akakitoa pale nilipohesabu tatu. Hakucheka tena, alikuwa na kazi.

Kesho yake asubuhi nilisafisha mkanda. Mama yako alikuwa sokoni. Nikauinua dirishani.

Unajua ninavyosoma negativu. Nyeusi ni nyeupe, nyeupe ni nyeusi, mimi naona mtu kama amesimama mbele yangu. Kwenye ile ya kwanza mbwa alikuwa amekwisha, ameungua, wala hungejua kichwa kiko wapi. Lakini mama yako! Alikuwa anamtazama mbwa, siyo kamera, amecheka, lile pengo la jino la juu linaonekana, kilemba kimelegea upande wa sikio. Mpaka ule mng'ao wa mafuta shavuni. Sijawahi kupiga uso vile, kabla wala baada. Kwenye ya pili mbwa alikuwa kamili, nywele moja moja kama nilivyoagizwa, na nyuma yake hakuna mtu. Filamu tupu, ng'aring'ari, kama kioo. Mahali ambapo mwanga haukufika, mwanangu, hakuna dawa ya kuurudisha. Hilo nimekufundisha. Sikukuambia nililijifunza kwa nani.

Memsabu alikuwa amesema atakuja mwenyewe kuangalia mkanda achague. Akiona ya kwanza, atajua nilikosea. Atajua nilibahatisha. Na mimi nilishatamba soko zima kwamba fundi huyu hakosei. Nikachukua mkasi, nikaikata ile ya kwanza, nikaitia kwenye jiko la mkaa. Ilijikunja, ikanuka. Haikuchukua muda wa kusema amina.

Memsabu alifurahi. "Fundi, wewe kweli fundi." Nikatoa nakala kubwa mbili, yake na ya kwangu. Ya kwangu ndiyo ile iliyoko ukutani studio, Nakijwa. Ile picha ya mbwa unayoifuta vumbi kila Jumamosi tangu ulipofikia urefu wa kuifikia. Lile giza nyuma yake siyo ukuta. Ni mama yako.

Siku nilipoitundika, fundi cherehani alikuwepo, na watu wengine wawili. Mama yako akaingia na kapu lake. Akasimama mbele ya picha.

"Na mimi?" akauliza.

Watu walikuwepo, ningesemaje? Nikasema, "Si huyo hapo! Wewe ndiye usiku, na mbwa ndiye mwezi!" Wakaangua kicheko. Na yeye alicheka, alikuwa na adabu. Akasubiri waondoke.

"Zilipigwa mbili," akasema.

"Moja iliharibika."

"Iliharibikaje?"

"Mbwa aliungua."

"Mbwa aliungua." Akaweka kapu chini. "Na mimi? Mimi nilitoka?"

Ningeweza kusema hapana. Mimi ambaye nimewadanganya maofisa wa mabara matatu. Nikasema, "Ulitoka."

"Iko wapi?"

Nikatazama jiko. Akafuata macho yangu. Akaanza kusema Kigweno, siyo kwangu, kwa sufuria. Akikasirika alikuwa anaingia Kigweno na kufunga mlango, na mimi mtu wa Upare wa kusini nabaki nje kama mgeni. Miaka yote ile sikujifunza. Niliona Kihindi cha Bombay na Kiingereza cha jeshini vinanitosha.

Baadaye nilimwomba akae nimpige. Nilinunua globu kwa ajili yake, siyo ya mteja. Akajibu bila hasira, anachambua maharage: "Mimi ulishanipiga, baba Nakijwa. Nilitoka unavyoniona." Nikadhani ni kununa kwa wanawake, kutapita. Mwaka ukapita, na wa pili. Kila nikimgusia jibu lilikuwa lile lile. Mfuko aliendelea kubeba. Shuka aliendelea kushika. Mwenye kosa alikuwa anatamba mbele, na aliyekosewa anashika shuka lisitikisike.

Ulikuwa na miaka kumi na mmoja homa ile ya mapafu ilipomshika. Hilo unalikumbuka. Usilolijua ni kwamba siku moja, wewe ukiwa shuleni, nilisimama na kamera mlangoni pake. Nikasema, "Mama Nakijwa, leo nimekupimia wewe." Na kweli nilikuwa nimepima, futi nne, ukuta wa udongo, uso wake uliokonda. Akaitazama kamera, akanitazama mimi. Akasema, "Asinikumbuke hivi." Akavuta kanga akajifunika uso. Nikashusha kamera. Kitu pekee nilichofanya sawa katika habari yote hii ndicho hicho, na hata hicho aliniamuru yeye.

Miaka mitatu baada ya kumzika niligundua jambo. Nilikuwa nampiga binti wa mwalimu na kondoo wake mweupe, ndani ya chumba cheusi. Nikatoa taa juu ya kamera, nikainyanyua juu kwa mkono wa kushoto, upande wa uso wa yule binti, karibu naye, kondoo akabaki mbali na taa futi mbili tatu zaidi. Wote wawili wakatoka. Binti na kondoo, uso na manyoya, kwa globu moja. Futi mbili, Nakijwa. Sikuhitaji kuchagua. Siku ile kwa Memsabu ningenyoosha mkono wangu tu kuelekea kwa mke wangu, ungekuwa nao uso wake leo.

Huko Tanga watakuletea paka wa Kiajemi, kasuku, mbwa wa maofisa. Wote watataka manyoya yaonekane, na wewe yaonyeshe, ni kazi. Sikuambii uwakatae wakubwa. Mimi sikuwakataa na sitakuvisha koti lisilonienea. Nakuambia tu nilivyokuwa: kwenye kiti kulikuwa na wawili, na nilipoogopa, nilijua mara moja wa kumpoteza ni yupi. Sikufikiri hata kidogo. Hilo ndilo linaloniamsha.

Kuna jingine bado, na hili ndilo lililo chungu kuliko yote. Leo mchana nimeitoa ile picha ukutani. Iko ndani ya sanduku lako, nimeifunga kwenye gauni la bluu. Usiitazame gizani. Ipeleke dirishani, uiinamishe kidogo, uangalie chini ya kifua cha mbwa. Mbwa alikuwa mweupe mno hata akautema mwanga wake juu ya kilichokuwa karibu naye. Kuna vidole vinne, na kipande cha kiganja. Unaviona vizuri, mpaka kucha, mpaka kovu la mundu kwenye kidole cha shahada. Amemshika mbwa wa watu asianguke. Ni mkono wa mama yako. Mwanga wa mbwa ndio uliompa hicho kidogo, siyo wangu.

Mwaka ule ule nilioitundika, mteja mmoja kutoka Makanya aliiangalia akauliza, "Fundi, na huu mkono ni wa nani?" Nikamjibu, "Wa mtumishi wa Memsabu." Nilisema harakaharaka, nikaendelea na habari za manyoya. Mama yako alikuwa nyuma ya pazia anaanika picha. Pazia lile unalijua, ni kanga tu. Nilisikia vibanio vya kuanikia vimeacha kulia. Kisha vikaanza tena.

Na wengine wengi wameniuliza tangu hapo. Nikaendelea kujibu hivyo hivyo, hata baada ya kumzika, hata wewe ukiwa umesimama pale na kitambaa cha vumbi mkononi.

Wakikuuliza Tanga, jibu wewe.

Baba yako